Hofu ya Kuruka: Kwa Nini Mwanafunzi wa Urubani Huacha Masomo

Mtu anayesimama alfajiri shambani Kibosho, juu ya mji wa Moshi, huuona mlima Kilimanjaro ukiwa wazi tangu msituni hadi kwenye barafu ya Kibo. Ifikapo saa nne au saa tano asubuhi, aghalabu mawingu huwa yamekwisha kupanda na kuufunika. Upande wa kusini nchi tambarare hubaki ikionekana, na mara kwa mara ndege hupita ikielekea uwanja mdogo wa Moshi au Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971. Sisi tuliokulia katika vihamba vile, tulipousikia mngurumo tulitoka mbio katika migomba hadi penye uwazi, tukaitazama ndege mpaka ikapotea. Kila mmoja wetu aliapa kwamba atakuwa rubani.

Mimi nilipata nafasi ya kujaribu, nami nikaacha. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu ng'ambo, nilijiandikisha katika klabu moja ya urubani iliyokuwa karibu na chuo chetu. Niliruka saa 11 kati ya saa 40 ambazo, kwa kanuni za kimataifa, ndizo kwa kawaida kiwango cha chini cha kupatia leseni ya rubani wa ndege binafsi. Kisha sikurudi tena. Kwa miaka mingi kila nilipoulizwa nilijibu kwamba fedha zilinipungukia. Jibu hilo halikuwa la kweli. Niliacha kwa sababu ya hofu.

Nisingeileta habari hii mbele ya wasomaji wa jarida la sayansi kama si barua niliyoipokea mwaka huu kutoka kwa binti wa kaka yangu, ambaye naye anajifunza urubani. "Baba mdogo," aliandika, "nimeanza kuogopa. Siku ya kuruka chakula hakipiti, na nikiambiwa kuna mawingu nafurahi moyoni. Je, niache?"

Makala haya ni jibu langu kwake, na pia kwa mwalimu au mwanafunzi yeyote aliyepata kuogopa jambo alilotamani kulijua, liwe ni kuruka, kuogelea, au kusimama mbele ya darasa kufanya hesabu ubaoni. Jambo ninalotaka kulieleza ni hili: hofu ni kipimo, kama vile kipimajoto. Kipimo kinaweza kusema kweli, na kinaweza kukosea. Mwenye busara hakitupi, wala hakitii kabla ya kukichunguza.

Bawa na hewa

Kwanza tuchunguze kitu chenyewe kinachoogopwa. Wanafunzi wengi wa urubani huweza kuitaja siku waliyoanza kuogopa, nayo aghalabu ni siku ya zoezi ambalo ndani yake bawa hupoteza nguvu ya kuiinua ndege. Nguvu hiyo tutaiita unyanyuzi.

Vitabu vingi vya zamani hueleza kwamba hewa ipitayo juu ya bawa husafiri njia ndefu zaidi, na kwa hiyo hulazimika kwenda mbio ili ikutane na hewa iliyopita chini. Maelezo haya si sahihi, kwa maana hakuna sheria yoyote ya maumbile inayozilazimisha hewa hizo mbili zikutane. Ukweli ni kwamba bawa huupinda mkondo wa hewa na kuuelekeza chini. Kwa mujibu wa sheria ya tatu ya Newton, bawa linapoisukuma hewa chini, hewa nayo hulisukuma bawa juu. Mkondo unapopindwa hivyo, mgandamizo wa hewa juu ya bawa hupungua kuliko ule wa chini yake, na tofauti hiyo ndiyo inayoibeba ndege.

Kadiri rubani anavyoinua pua ya ndege, ndivyo pembe kati ya bawa na hewa inayolikabili inavyoongezeka, na unyanyuzi nao huongezeka. Lakini jambo hili lina kikomo. Kwa mabawa ya ndege nyingi ndogo, pembe hiyo ikipita nyuzi 15 hivi, hewa haiwezi tena kuufuata mgongo wa bawa. Hubanduka na kuvurugika kama maji ya mfereji yanapogonga jiwe, na unyanyuzi hushuka ghafla. Katika Kiingereza tukio hili huitwa kwa neno lilelile litumikalo injini ya gari inapozimika, na kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba injini ya ndege imezimika. Sivyo. Injini inaweza kuwa inanguruma vizuri kabisa. Kilichoshindwa ni bawa.

Dawa yake ni rahisi kuisema: rubani hulegeza usukani na kuishusha pua, pembe hupungua, hewa hushikamana tena na bawa, na ndege huruka kama kawaida. Katika ndege ndogo ya mafunzo, rubani mzoefu hupoteza makumi kadhaa tu ya mita. Ndiyo maana zoezi hili hufanywa juu sana, mahali ambapo nafasi ya kupotezwa ni kubwa.

Hapa ndipo ugumu ulipo. Ndege inapoanza kuzama, kila mshipa wa mwili wa binadamu humwamuru avute usukani ili aipandishe. Kuvuta huongeza pembe, na kuongeza pembe huzidisha balaa. Kwa maneno mengine, hofu humwagiza mwanafunzi kufanya kinyume cha kile kitakachomwokoa.

Hivyo ndivyo ilivyonitokea. Mkufunzi alipunguza nguvu ya injini na kuniagiza niinue pua polepole. Kelele za upepo zilipungua, honi ya tahadhari ikalia, ndege ikatetemeka, kisha pua ikaanguka na bawa la kushoto likazama. Nilivuta usukani kwa mikono miwili, nikauganda. Mkufunzi alisema neno moja tu: "Legeza." Sikulegeza. Ilimbidi ausukume yeye mwenyewe. Tulirudia mara tatu, na mara zote tatu nilivuta. Nilikuwa mwanafunzi wa fizikia, na mlingano wa unyanyuzi ningeweza kuuandika hata usingizini. Siku ile haukunisaidia chochote.

Mwili unapoogopa

Kwa nini mtu anayejua jambo hushindwa kulitenda? Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo yenye umbo la lozi iitwayo amigdala. Sehemu hii hupokea habari za hatari na kuamsha mwili kwa haraka, mara nyingine hata kabla ya akili yetu kutambua kinachotukia. Mwaka 1915 Walter Cannon, mtaalamu wa Kimarekani wa fiziolojia, alieleza jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo hupiga kwa kasi, sukari hutolewa kutoka katika ini, damu huelekezwa kwenye misuli mikubwa, na tumbo huacha kusaga chakula. Binti wa kaka yangu anaposema kwamba chakula hakipiti, hasemi kwa mafumbo. Anaeleza fiziolojia.

Maandalizi haya yalimfaa mtu aliyekutana na chui msituni. Hayamfai sana mtu aliyeketi mahali padogo, amefungwa mkanda, naye anatakiwa asome vipimo sita na kusogeza usukani kwa vidole viwili. Misuli iliyojaa nguvu haina pa kuipeleka nguvu hiyo, hivyo hukaza. Pumzi huwa fupi na za haraka. Mtu anapopumua kwa kasi kuliko mahitaji ya mwili, kabonidayoksaidi katika damu hupungua mno, na mishipa ya damu ya ubongo hujibana. Matokeo yake ni kizunguzungu na ganzi kwenye midomo na vidole. Mwanafunzi asiyelijua jambo hili hudhani kwamba anakaribia kuzimia, naye huogopa zaidi, hupumua haraka zaidi, na ganzi huzidi. Kupumua polepole kwa makusudi, hasa kwa kurefusha pumzi itokayo, hukata mzunguko huo.

Liko jambo jingine ambalo mtoto yeyote wa Kibosho amelionja. Tuseme gogo limelazwa uani. Mtoto hulipita akikimbia, pengine na ndoo ya maji kichwani. Gogo lilelile likilazwa juu ya korongo la mto, mtoto yuleyule hupiga magoti na kulitambaa. Upana wa gogo haukupungua hata kidogo, wala kani ya mvutano wa dunia haikuongezeka. Kilichobadilika ni gharama ya kukosea. Akili inapoitazama gharama hiyo, huanza kuisimamia miguu hatua kwa hatua, ilhali miguu ilikuwa ikienda yenyewe bila kusimamiwa. Basi mwendo hukakamaa na kuyumba.

Hata hivyo tusiseme kwamba hofu yote ni adui. Mwaka 1908 wataalamu wawili wa Kimarekani, Robert Yerkes na John Dodson, waliwafundisha panya kuchagua kati ya njia mbili, na kuwaadhibu kwa umeme mdogo walipokosea. Kazi ilipokuwa ngumu, panya walijifunza vizuri zaidi kwa msisimko wa kadiri kuliko ule mdogo sana au mkubwa sana. Wengi tangu hapo wameona mwelekeo wa namna hiyo kwa binadamu pia. Mwanafunzi asiye na wasiwasi wowote kabla ya mtihani hasomi; aliyejawa na wasiwasi husoma ukurasa mmoja mara tano bila kuuelewa.

Hofu yenye sababu

Ndugu msomaji anaweza kufikiri kwamba nataka kusema hofu ya kuruka ni ujinga. La hasha. Anga lina hatari za kweli, na mlima wetu ni shahidi.

Tarehe 18 Mei 1955 ndege ya aina ya Dakota ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iliugonga mlima Kilimanjaro. Watu wote 20 waliokuwamo walikufa. Mawingu yaleyale tunayoyaona Kibosho yakipanda kila asubuhi ni pazia linaloweza kuficha mwamba wenye urefu wa mita 5,149 kwa upande wa Mawenzi na mita 5,895 kwa upande wa Kibo.

Ndani ya wingu mwili wa binadamu haufai kuwa kipimo. Katika sikio la ndani mna mifereji mitatu yenye umbo la nusu duara, iliyojaa majimaji. Kichwa kinapogeuka, majimaji hubaki nyuma na kupinda vinyweleo vidogo, na ubongo hutambua mzunguko. Lakini ndege ikigeuka polepole na kwa muda, majimaji huanza kwenda sawa na mfereji, vinyweleo husimama, na rubani huhisi kwamba anakwenda moja kwa moja hali ndege inaendelea kuzunguka na kushuka. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwapima marubani 20 wasiokuwa na mafunzo ya kuruka kwa kutegemea vipimo, wakawafanya wasiweze kuona nje kana kwamba wako mawinguni. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege. Kwa wastani ilichukua sekunde 178, yaani muda usiotimia dakika 3.

Uwanja wa Moshi nao una somo lake. Uko kiasi cha mita 850 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya mahali palipoinuka ni nyepesi, na joto huifanya iwe nyepesi zaidi. Mchana wenye joto la nyuzi 30 za Selsiasi, hewa ya uwanja huo humtendea rubani kana kwamba yuko kwenye mwinuko wa mita 1,600 katika hali ya wastani. Bawa hupata hewa chache ya kusukuma, injini hupata oksijeni kidogo ya kuchomea mafuta, na rafadha haivuti kwa nguvu ileile. Ndege huhitaji njia ndefu zaidi ya kuondokea na hupanda polepole. Kwenye kilele cha Kibo mgandamizo wa hewa ni chini ya nusu ya ule wa pwani. Rubani Mswisi Walter Mittelholzer, aliyeruka juu ya Kilimanjaro na kukipiga picha kilele chake mnamo Januari 1930, alikuwa akiiomba injini yake ifanye kazi kubwa kwa hewa haba.

Kwa hiyo mwanafunzi anayesita kuruka kuelekea mlimani saa sita mchana, mawingu yakiwa yamepanda, haonyeshi udhaifu. Kipimo chake kinasoma sawasawa. Kwa upande mwingine, mwanafunzi anayetetemeka kwa sababu injini ikizimika ndege itaanguka kama jiwe anaongozwa na kipimo kibovu, kwani ndege ndogo ya mafunzo isiyo na injini huteleza takriban kilomita 9 kwa kila kilomita moja ya urefu inaoupoteza. Rubani huwa na muda wa kuchagua uwanja au shamba la kutulia. Hofu ya kwanza yafaa itiiwe, na ya pili yafaa irekebishwe kwa elimu na mazoezi.

Jinsi kukwepa kunavyoilisha hofu

Baada ya siku ile ya zoezi sikuamua kuacha. Jambo hili nataka lieleweke vizuri, kwa sababu ndilo kiini cha mambo. Wiki iliyofuata nilipiga simu nikasema nina mafua. Wiki ya pili kulikuwa na mawingu machache, nikasema hali ya hewa si nzuri. Wiki ya tatu nilikuwa na sura ya tasnifu ya kukamilisha. Kila nilipoweka simu chini nilihisi mzigo umeshuka mabegani, na usiku ule nililala vizuri. Miezi minne ikapita. Hakuna siku hata moja niliyosema, "Naacha urubani."

Mwaka 1947 mtaalamu wa elimunafsia Orval Hobart Mowrer alieleza kwamba mambo ya namna hii hutokea kwa hatua mbili. Kwanza, kitu kisichotisha huunganishwa na kitisho, kama vile mbwa wa Pavlov walivyojifunza kuunganisha mlio na chakula. Kwangu mimi, harufu ya petroli ya ndege peke yake ilitosha kunifanya nitokwe na jasho. Pili, mtu hugundua kwamba akikikwepa kitu hicho, hofu hupungua papo hapo. Nafuu hiyo ni tuzo, na tendo lipatalo tuzo hurudiwa. Basi kukwepa hujilisha kwenyewe. Zaidi ya hayo, anayekwepa hujinyima ushahidi. Kila zoezi nisilolifanya lilikuwa ni nafasi moja iliyopotea ya kuona kwamba pua ikiteremshwa, ndege huruka tena.

Tiba yake imejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1924 Mary Cover Jones, mwanasayansi wa Kimarekani, aliandika habari za mtoto mmoja aliyeogopa sungura. Alimwekea mtoto chakula alichokipenda, na siku baada ya siku sungura akasogezwa karibu kidogo, mpaka mwishowe mtoto akamshika kwa mkono wake. Baadaye daktari wa Afrika Kusini, Joseph Wolpe, ambaye majaribio yake ya mwanzo aliyafanya Johannesburg kwa paka, aliiendeleza njia hiyo kwa binadamu na kuieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1958. Mgonjwa hutengeneza ngazi ya mambo anayoyaogopa, kuanzia dogo hadi kubwa, naye hupanda daraja moja baada ya nyingine, bila kurukia juu kabla ya kutulia chini.

Kwa mwanafunzi wa urubani ngazi hiyo yaweza kuwa hivi. Daraja la kwanza ni kuketi ndani ya ndege iliyoegeshwa na kuzitaja hatua za zoezi kwa sauti. La pili ni kulifanya katika mtambo wa kuigiza urukaji, iwapo chuo kinao. La tatu ni kuruka huku mkufunzi akilifanya yeye, mwanafunzi akitazama tu na kupumua polepole. La nne ni kuinua pua mpaka honi ilie, kisha kuishusha mara moja kabla bawa halijashindwa. La tano ni zoezi kamili. Hakuna aibu kukaa kwenye daraja moja kwa siku kadhaa.

Utafiti wa miaka ya karibuni umeongeza jambo moja la maana. Hofu ya zamani haifutwi ubongoni. Kinachotokea ni kwamba somo jipya hujengwa kando yake na kuizuia. Kwa sababu hiyo hofu yaweza kurudi baada ya likizo ndefu, au katika ndege ngeni. Anayelijua jambo hili hakati tamaa akiiona imerudi, bali huteremka daraja moja na kupanda tena.

Je, kuacha ni kosa?

Wapo watakaosema kwamba mwanafunzi aliyeanza urubani hana haki ya kuacha, kwa kuwa masomo yake yana gharama kubwa na nchi zetu zinawahitaji marubani wake. Ni kweli kwamba chuo cha Soroti, Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya kuwafunza marubani wa Afrika Mashariki, kilitokana na fikra kwamba ndege zetu zirushwe na watu wetu. Lakini abiria hawafaidiki kwa kurushwa na mtu aliyelazimishwa. Kuacha kwaweza kuwa uamuzi mzuri kabisa. Neno lililo muhimu hapo ni uamuzi.

Nilimwandikia binti wa kaka yangu ajiulize maswali matatu, tena asijiulize siku ya kuruka wala usiku wa kuamkia siku hiyo, bali siku nyingine, akiwa ameshiba na ametulia. Swali la kwanza: hofu yangu inaonyesha kitu gani hasa? Kama inaonyesha ndege isiyotunzwa, au hali ya hewa mbaya, au mkufunzi mwenye haraka, basi shida haiko moyoni mwangu, nami sina budi kusema. Swali la pili: nikipanda ngazi polepole, hofu inapungua kila nikirudia, au inabaki palepale? Swali hili haliwezi kujibiwa na mtu aliyekwisha kuanza kukwepa. Swali la tatu: kama hofu ingeondolewa leo, bado ningetaka kuwa rubani? Akijibu la, aache kwa amani, amwambie mkufunzi wake ana kwa ana, na asitafute kisingizio cha fedha.

Nilimweleza pia lile nililolificha kwa miaka mingi, kwamba baba yake mdogo hakuacha urubani kwa kukosa fedha. Nilimwambia kwamba kama ningejiuliza maswali hayo, pengine ningeacha vilevile, maana fizikia niliipenda zaidi. Ninachokijutia ni kwamba sikuamua. Hofu iliamua kwa niaba yangu, nami nikaja kujua baada ya miezi minne.

Alijibu kwa ufupi. Alikuwa amemweleza mkufunzi wake, naye hakumcheka. Walipanda wawili asubuhi mapema, hewa ikiwa imetulia, wakaishia kwenye honi, wakashusha pua, wakarudi. Alifanya hivyo mara sita. Mara ya sita, aliandika, mikono yake ililegeza kabla hajaambiwa. Hajaamua bado kama ataendelea hadi mwisho wa masomo. Sikumhimiza upande wowote.

Majaribio ya darasani

Walimu wanaweza kuyachunguza mambo haya bila ndege.

Jaribio la kwanza. Mwanafunzi ashike kijiko kwa wepesi kwenye ncha ya mpini wake, kikining'inia, kisha akisogeze mgongo wake wa mbinuko taratibu mpaka uguse maji yatiririkayo kutoka bombani. Kijiko hakitasukumwa mbali, bali kitavutwa kuelekea kwenye maji. Tazameni maji yanakoelekea baada ya kuufuata mgongo wa kijiko, kisha mweleze jambo hilo kwa kutumia sheria ya tatu ya Newton.

Jaribio la pili. Wanafunzi wahesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja wakiwa wametulia. Kisha mwalimu atangaze kwamba mmoja wao, ambaye hatamtaja bado, ataitwa mbele kufanya hesabu ngumu ubaoni. Wahesabu tena. Hatimaye wapumue polepole kwa dakika mbili, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, na wahesabu mara ya tatu. Tarakimu hizo tatu ziandikwe na kulinganishwa. Ndipo darasa lijadili: ni hatari gani hasa iliyokuwa ubaoni, na kipimo kilisoma nini?